Kipande cha Paja Langu

Kipaza sauti kiliniponyoka mbele ya soko zima la Mbale, nikiwa katikati ya neno. Tulikuwa tumekaa chini, sisi wauza mboga na wauza mitumba, tukikataa kuhamishwa, na zamu ya kusema ilikuwa yangu. Nikataka kuinua mkono, mkono ukakataa. Haukuuma. Uligoma tu. Vijana waliokodiwa kutuzomea wakapata maneno ya mwezi mzima: "Mama Ramlah betri imekwisha! Mpelekeni chaji!"

Betri. Mimi niliyewafokea wakubwa wa serikali zaidi ya moja, nikalala mahabusu, nikatoka nikifoka vilevile.

Lakini nilikuwa nimeficha kwa miezi. Kitambaa cha kichwa nilikifunga nimeegemeza viwiko ukutani. Ngazi za msikiti nilizipanda nikijifanya naomba dua kwenye kila kidato, watu wakasema Ramlah siku hizi amekuwa mcha Mungu. Kilichonitisha hakikuwa mkono, kilikuwa mama. Mama yetu alianza hivihivi, akamalizia kwa kujiburuta uani kwa makalio, hapahapa Namakwekwe, akisuka mifuniko ya chakula mpaka vidole navyo vikamwacha. Majirani walisema jini. Wengine walisema ni malipo, kwa sababu babu yetu aliletwa huku kutoka Sudan na bunduki ya Mwingereza begani, na sisi Wanubi hatujasamehewa bunduki ile. Hata Kiswahili chetu wanakiita lugha ya kambini. Mimi sisahau. Naijua nyumba iliyoezekwa kwa mabati yetu, yaliyoporwa tulipokimbia vita mwaka wa sabini na tisa. Napita mbele yake na kuyasalimia mabati.

Baada ya zahanati tatu kunipa vidonge vya maumivu ambayo sikuwa nayo, nikaenda Jinja kwa Daktari Norah Nangobi, Msoga mfupi anayecheka kwa tumbo zima. Akanigonga magoti, akanichoma sindano za umeme kwenye mguu wa kulia, kisha akaacha kucheka.

"Mama, misuli yako inakufa. Sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni urithi, kitu kilicho katika damu ya ukoo. Hiyo haina dawa, tutakufundisha kuishi nayo. Ya pili, askari wa mwili wako, wale wanaokulinda na maradhi, wamegeuka, wanakula misuli yako wenyewe."

"Hayo ni mapinduzi, daktari. Nimeyaona mengi."

"Haya yana dawa. Lakini ni kali, na wewe una sukari. Siwezi kukupa kwa kubahatisha. Nataka nikate kipande cha msuli pajani, kipimwe. Na tusichelewe. Msuli uliokwisha kufa haurudi."

"Kipande kikubwa kiasi gani?"

"Kama kokwa ya tende."

Nilifikiri kukatwa nyama ni kufunga, kunyolewa na kuandika wosia. Kumbe maandalizi yalikuwa madogo. Niache aspirini wiki nzima kabla, damu isikatae kuganda. Asubuhi ya siku hiyo nile kama kawaida, kwa sababu watanitia ganzi ya ngozi tu, hawatanilaza usingizi. Nivae gauni pana. Watakata mguu wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikwisha kuchomwa sindano na ungedanganya kipimo. Na kipande chenyewe kisitiwe dawa yoyote, kiende kibichi kwenye barafu mpaka maabara ya Kampala siku hiyohiyo.

"Nani anakipeleka?" nikauliza.

Daktari akatazama dirishani. "Ndugu wa mgonjwa. Hatuna gari la kazi hiyo."

Basi nikapata la kusema mpaka nyumbani. Nchi yenye magari ya vioo vyeusi ya kumsindikiza mkubwa anayekwenda harusini, lakini maskini hubeba hata nyama yake mwenyewe mkononi kama anatoka buchani!

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kwetu kiungo cha binadamu hakitupwi. Ukikatwa kidole, kidole huoshwa, hufungwa kitambaa cheupe, huzikwa. Nikamwita Sheikh Wahab, imamu wetu, nikamwuliza mbele ya ndugu yangu Ramathan. Sheikh akafikiri, akasema, "Kujitibu ni amri. Wapime kwanza. Wakimaliza, kinachobaki kirudishwe, tutakisitiri." Nikampigia daktari, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, lakini atawaomba maabara waturudishie mabaki. Dini ikaridhika, hospitali ikaridhika.

"Nitakipeleka mimi, dada," akasema Ramathan. "Nani mwingine?"

Kweli, nani mwingine? Mwaka ule wa mabati, mimi mtoto wa miaka kumi na mmoja, ndiye niliyembeba mgongoni tukivuka mpaka kukimbilia Kenya, yeye akinikojolea mpaka visigino. Mama alibeba mtungi na Kurani. Nikamlea, nikamsomesha, mimi niliyejifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia sukari. Nikamsimamia mpaka akapata duka la vipuri vya pikipiki Nabuyonga. Alikuwa na shughuli nyingi siku zile, maana binti yake mkubwa, Hasifa, alikuwa ameposwa na kijana wa Jinja aitwaye Ukasha, na pande mbili zilikuwa bado zinapimana. Nikaona anaacha shughuli zake kwa ajili yangu. Nikamwombea dua.

Siku yenyewe nikalala kitandani mwa daktari, gauni limepandishwa, muuguzi aitwaye Jovia amenishika bega. Ganzi ilichoma kama siafu, kisha ngozi ikafa.

"Kisu hutakisikia," akasema daktari. "Utasikia kuvutwa. Msuli wenyewe siutii ganzi, ukiharibika tutakuwa tumekukata bure."

"Vuta. Nimevutwa na polisi."

Lakini si sawa. Polisi hukuvuta kwa nje. Hiki kilikuwa kitu kinachoning'oa kutoka ndani, mkazo wa misuli wa usingizini uliozidishwa mara kumi, na nikamwita mama kwa sauti ambayo hata mahabusu hawakuwahi kuisikia. Jovia akasema, "Pole mama, kimetoka." Nikaomba nikione. Kilikuwa chekundu kilichopauka, kimelala kwenye kitambaa chenye maji ya chumvi. Nikakitazama kama ninavyotazama mjumbe tunayemtuma mkutanoni: nenda ukaseme kweli.

Wakakitia kwenye kikopo, kikopo kwenye chupa ya barafu. Ramathan akaipokea kwa mikono miwili, akasema Bismillahi, akatoka. Mimi nikalazwa kwa jamaa zetu wa Walukuba, hapohapo Jinja, mguu juu ya mto.

Kesho yake mchana akaja kunichukua.

"Kimefika?"

"Kimefika, dada. Alikipokea mzungu mmoja mrefu, ndevu nyekundu. Hata chai alinipa."

Nikacheka. "Chai! Kumbe nyama yangu ina hadhi."

"Ya tangawizi," akasema.

Nikarudi Mbale na nyuzi pajani. Bendeji isiguse maji, basi kuoga nikawa najifuta kwa kitambaa chenye maji pembeni yake, na kuswali nikawa nakaa, mguu umenyooshwa mbele kama wa maiti. Nisibebe kitu. Nisichuchumae. Nikiumwa, parasetamoli, si aspirini. Hasifa akahamia kwangu kunihudumia. Alinibadilishia bendeji kwa vidole laini, akinisimulia harusi: gurbaba, zile nguo zetu za kujifunga kiunoni, za rangi gani, ngoma ya doluka ipigwe usiku upi, akina nani watagombea kumfukizia moshi. Siku ya kutoa nyuzi ilipofika, kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, mstari tu, mfupi kama kidole cha mtoto.

Misuli ndiyo haikuwa vizuri. Kila Ijumaa ilichukua kitu. Ijumaa moja ilichukua uwezo wa kuinua sufuria, nyingine ikachukua kugeuka kitandani.

"Majibu?" nilimwuliza Ramathan.

"Bado, dada. Wanasema mashine mbovu."

Mara ya pili mtu wa mashine alikuwa safarini. Mara ya tatu umeme. Mwezi ukapita, wa pili ukaanza, nikampigia Daktari Nangobi mwenyewe. Akasema, "Mama Ramlah, nimewauliza leo. Hawajapokea kitu chenye jina lako."

"Wamekiuza!"

"Nani anunue kokwa ya tende, mama?"

"Huwajui watu wa Kampala. Wanauza mpaka kivuli."

Siku hiyo hasira iliniponya. Nilikuwa nimekosa mtu wa kumkasirikia, sasa nimempata. Nikawaita wanawake wa sokoni uani kwangu. Tutakodi basi, tutakwenda Kampala, tutakaa mlangoni mwa maabara hiyo mpaka yule wa ndevu nyekundu atoke. Maboksi yakakatwa, rangi ikaletwa. Hasifa ana mwandiko mzuri, basi yeye ndiye aliyepiga magoti na brashi kuandika: RUDISHENI NYAMA YA RAMLAH. Aliandika taratibu, kichwa chini. Aliandika matatu hivyo.

Katikati ya kelele hizo akaingia Sheikh Wahab kunijulia hali. Akasoma boksi moja, akasoma la pili.

"Irudishwe mara ngapi, Ramlah?"

"Haijarudishwa hata mara moja, Sheikh."

"Lakini tuliizika! Mimi na Ramathan, baada ya Alasiri, siku ileile uliyokatwa. Alikuja nayo kwenye chupa, akasema wamepima hukohuko Jinja, wamemaliza. Nikashangaa wazungu wamekuwa wepesi namna hii. Tuliifunga vizuri, tukaiweka karibu na kaburi la mama yenu. Hakukwambia?"

Nikatazama brashi ya Hasifa. Ilikuwa imesimama kwenye herufi ya mwisho na rangi ilikuwa inadondoka juu ya boksi, naye haifuti.

"Hasifa."

Hakuinua kichwa.

"Ulijua?"

"Nilijua, Shangazi."

Na alikuwa ameniosha, na amenilisha, na amepiga magoti kuniandikia uongo kwa herufi kubwa.

Boda aliniteremsha dukani Nabuyonga. Ramathan alikuwa nyuma ya kaunta, minyororo ya pikipiki imening'inia kichwani pake. Aliutazama mguu wangu, si uso, akajua.

"Dada, kaa kwanza."

"Yule wa ndevu nyekundu hajambo? Chai yake bado ina tangawizi?"

Akarudisha mlango nusu. "Ni nyama ya Muislamu, dada. Waikate vipandevipande, waiweke kwenye vioo, wanafunzi waichungulie..."

"Sheikh aliruhusu na wewe ulikuwepo. Ukamdanganya na yeye. Usinisomee dini hapa, Ramathan, nilikufundisha alifu mimi. Sema jambo lenyewe."

Akachukua plagi moja ya pikipiki, akawa anaifuta kwa kitambaa, nayo ilikuwa mpya.

"Watu wa Jinja waliuliza," akasema. "Shangazi yake Ukasha, Hajati Fatumah, aliuliza kama ni kweli mama alitambaa. Nikamwambia alianguka, akaumia mgongo. Sasa ije karatasi ya Kampala ina muhuri, iseme ni damu yetu? Nani atamwoa Hasifa? Nani atawaoa wadogo zake? Nyumba nzima ingefungwa."

"Ungesubiri ije, uifiche."

"Wewe? Kitu ukijue wewe kisha kifichwe? Ungekitangaza sokoni!"

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyoniuma kuliko uongo wote. Alinijua vizuri, na akatumia kunijua kwake.

"Na mimi je? Daktari alisema pengine kuna dawa. Nilikusimulia neno kwa neno. Alisema tusichelewe."

"Wewe, dada..." Akairudisha plagi kwenye boksi lake. "Wewe maisha umeshakula."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono uliishia kwenye kaunta.

Nimesalitiwa na watu wengi, na nawakumbuka wote kwa majina ya baba zao. Semei, katibu wetu wa soko, aliyekula na wakubwa mchana na kulia nasi jioni. Jirani wa mabati. Lakini hao walinichukulia vitu. Huyu aliniweka kwenye mizani na binti yake nikiwa hai, akaona mimi ndiye mwepesi, akanizika kwa sehemu. Na akasoma dua.

Nikarudi Jinja peke yangu. Daktari Nangobi alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata pale penye kuchekesha. Akasema mguu wa kulia sasa umetulia na zile sindano, tutakata huo. Tukaanza upya: hakuna aspirini, gauni pana, ganzi, kule kuvutwa. Safari hii sikumwita mama.

"Nani atakibeba?" akauliza.

"Mtu yeyote asiye ndugu yangu."

Jovia, yule muuguzi, alikuwa anakwenda Kampala likizo. Akakipakata. Saa tisa akanipigia simu kuniambia amefika, na hakukuwa na mzungu yeyote, alikuwepo kijana wa Kiteso mwenye haraka.

Majibu yalikuja kabla nyuzi hazijatoka.

"Ni mapinduzi, mama," akasema daktari kwenye simu. "Si urithi. Askari wako ndio walioasi. Tunaanza dawa leo."

Nikakaa chini kwenye mkeka. "Na mama yangu?"

"Siwezi kujua. Pengine naye ulikuwa huuhuu. Hakuna aliyempima."

"Na miezi hii?"

Akavuta pumzi. "Dawa itazuia usiendelee. Nguvu nyingine itarudi kidogo. Ile iliyokwisha kwenda, imekwenda. Ungeanza wakati ule, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mkono wangu wa kulia haupiti tena bega. Hilo ndilo jibu langu, halina muhuri.

Habari ya mazishi, kwa kuwa wanawake wa soko zima waliisikia uani kwangu, ilifika Jinja kabla ya wiki kwisha. Hajati Fatumah akaja na wazee wawili. Tukakaa sebuleni kwa Ramathan, pazia jipya, ubani, Hasifa akipita na sharubati bila kunitazama.

"Tumesikia nyumba hii ina ugonjwa wa kutambaa," akasema Hajati. "Tumesikia mpaka nyama imezikwa kuuficha. Sisi tunatoa mtoto wetu, tuna haki ya kuuliza."

Ramathan akanigeukia. Jasho lilikuwa limemtoka puani. "Dada, waambie. Tafadhali. Wewe wakikusikia wataamini."

Kwa hiyo sauti yangu bado ilikuwa na kazi. Ningeweza kusema sijui. Neno moja tu, na Hasifa angebaki na gurbaba zake sandukuni. Niwe mkweli, nililionja neno hilo ulimini. Lakini mimi sikuanza kupigania ukweli jana, na sikuwa tayari kufundishwa uongo na Ramathan.

"Ugonjwa wangu si wa damu," nikasema. "Umepimwa Kampala, daktari ni Nangobi, hapo kwenu Jinja, kamwulizeni. Hasifa hana kitu. Hilo moja. La pili, ningelijua hili miezi miwili nyuma, na mkono wangu ungekuwa mzima, kama ndugu yangu huyu asingechukua kipande changu akakizika kwa siri, ili ninyi msijue. Aliogopa swali lenu, gharama nikailipa mimi. Hayo yote mawili mwondoke nayo."

Nikangoja. Nilitaka mmoja wao, hata mzee mmoja, amtazame Ramathan kama mtu anavyomtazama mwizi.

Hajati Fatumah akavuta mtandio. "Alikizika kaburini? Kwa kitambaa?"

"Kwa kitambaa cheupe," akasema Ramathan, macho chini.

"Na Sheikh alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Mashallah," akasema Hajati. "Vijana wangapi siku hizi wanajali amana ya mwili? Wanatupa tu mahospitalini, mbwa wanakula. Ramlah, usimlaumu ndugu yako. Alikosea njia, nia ilikuwa safi. Tumeridhika."

Mmoja wa wazee akasoma Fatiha. Vigelegele vikapigwa kutoka jikoni. Ramathan akapokea mikono ya wageni mmoja mmoja, mnyenyekevu, karibu mtakatifu.

Chakula kikaja. Kwetu wanaume hula na wanaume, na sinia moja ni undugu mmoja. Mikono hukutana kwenye wali mmoja. Kwa heshima ya siku ile, mbele ya wageni, Ramathan akanisogezea mto kwenye sinia yake mwenyewe, akauchagua mfupa wenye nyama laini, akaunyosha upande wangu. "Leo dada anakula na mimi," akatangaza. Wazee wakatabasamu.

"Hasifa!" nikaita, kwa sauti ile ninayoitumia sokoni, ile isiyohitaji kipaza. "Niletee sahani."

Akatokea mlangoni. "Sahani, Shangazi?"

"Sahani yangu peke yangu. Na kijiko."

Kila mkono sebuleni ulisimama kwenye wali. Ramathan alikuwa bado ameshika ule mfupa, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko cha kanzu, na kwa mara ya kwanza tangu Jinja aliniangalia usoni.

"Dada," akanong'ona. "Wageni."

Sahani ikaja. Nikaipakata mapajani, juu ya makovu yote mawili, nikala mpaka mwisho.